Likizo ya shule baharini: hoteli ya ufukweni au nyumba ya kupanga?

Hoteli inampumzisha anayepika nyumbani mwaka mzima, na hilo si jambo dogo. Vyumba vinasafishwa, watoto wana bwawa na wenzao wa kucheza nao. Lakini ratiba ni ya hoteli, na familia ya watu sita mara nyingi hugawanywa vyumba viwili.

Nyumba ina jiko, friji na sebule. Wenye mtoto mchanga, au mtoto mwenye mzio wa chakula, ningewaambia wachukue nyumba bila kusita. Bei kwa kawaida ni ya nyumba nzima, si ya kila kichwa, kwa hiyo bibi na binamu wanaingia humo humo.

Kwangu usalama ndio unaoamua. Bahari ina mikondo, na katika pwani nyingi maji hujaa kwa takriban saa 6 kisha hupwa kwa muda kama huo. Palipokuwa na kina kifupi asubuhi panaweza kuwa na kina kirefu mchana. Watoto wakiwa hawajui kuogelea, nachagua hoteli yenye mwokoaji bwawani, ingawa hata hapo mtoto haachwi peke yake dakika moja. Wakishakuwa waogeleaji wazuri, nyumba.