Kunasa hewa ukaa: mkaa wa maganda ya mise au zeolaiti?

Ukitaka kuitoa hewa ukaa kwenye bayogesi, gesi ya samadi, vitu hivi viwili huinasa. Kigoma maganda ya mise, yaani kokwa za michikichi, yanarundikana kila penye mashine ya kubangua, kwa hiyo malighafi ya mkaa ulioamilishwa ipo mlangoni. Ila usiuchanganye na mkaa wa gunia: huu hupigwa mvuke kwenye nyuzi 800 hadi 900 ili utoboke vitundu visivyoonekana kwa macho. Tanuru hilo ndilo gharama yenyewe.

Zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, ya aina ya 13X, utaiagiza. Kwa kunasa, ni kali: katika joto la kawaida na hewa ukaa tupu, kilo moja hushika takriban gramu 200, mkaa karibu nusu yake. Mgandamizo ukipanda sana, mkaa huipita.

Ugonjwa wa zeolaiti ni maji. Bayogesi hutoka na unyevu, na zeolaiti hupenda mvuke kuliko hewa ukaa. Ikishalowa, kuikausha kunadai nyuzi 200 na zaidi. Mkaa huvumilia zaidi, na huachia gesi ukishusha mgandamizo tu.

Mfugaji wa Urambo mwenye mtambo wa samadi na umeme wa kubahatisha, mimi ningempa mkaa. Mwenye kikaushio cha uhakika na gesi yenye hewa ukaa kidogo, zeolaiti itamfaa. Salfaidi ya hidrojeni, ile gesi ya harufu ya mayai viza, iondolewe kwanza, vyovyote iwavyo.