Maziwa ya mimea yenye ladha mjini Bukavu: nunua yapi, acha yapi

Kosa ninaloliona katika nyumba nyingi za hapa Bukavu, yangu ikiwemo, ni hili: mama ananunua maziwa ya soja yasiyotiwa ladha yoyote, anayaleta nyumbani kwa furaha, watoto wanaonja funda moja, wanakunja uso, na chupa inaishia kumwagwa. Halafu tunasema soja si kinywaji chetu. Na watoto haohao wamekuzwa kwa uji wa masoso, wenye mahindi, mtama na soja ndani yake! Soja wameshaikubali. Walichokataa ni ile harufu.

Harufu hiyo ina chanzo. Punje ya soja iliyolowekwa ikisagwa na maji baridi, kimeng'enya chake kiitwacho lipoksijenasi hushambulia mafuta yaliyomo, na papo hapo unapata harufu ya maharage mabichi. Ukisaga kwa maji ya moto, zaidi ya nyuzi 80, kimeng'enya hicho huharibika kabla hakijafanya kazi yake. Kinachobaki hufunikwa na ladha. Kakao hufunika vizuri kuliko zote, maana uchungu wake unapatana na uchungu mdogo wa soja. Vanila inafuata. Stroberi siipendekezi: utamu unatangulia mdomoni, kisha soja inabaki nyuma peke yake.

Ya kwanza: soja ya hapahapa, yenye vanila au tangawizi. Haya ndiyo ninayoyaweka juu ya yote, na si kwa sababu ya bei tu. Soja inalimwa Kabare na Walungu, jirani zetu, kwa hiyo hulipii safari ya pakiti kutoka Ulaya. Glasi moja ya maziwa ya soja yaliyotengenezwa vizuri ina protini gramu 7 au 8, karibu sawa na ya ng'ombe. Lakini muuzaji lazima umuulize: mama, umesaga kwa maji ya moto? Yamechemka kwa muda gani? Ni ya leo? Akisitasita, endelea na safari yako.

Swali la kuchemsha ni zito kuliko linavyoonekana. Soja mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na ni moto unaoviondoa. Sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Tena povu la soja hupanda mapema na kumdanganya mpishi kwamba tayari. Dakika 20 baada ya kuchemka kwelikweli, huku ukikoroga, ndicho kipimo ninachokiamini. Bila frigo, yanywe siku hiyohiyo. Chupa iliyoshinda juani mezani kwa muuzaji usiiguse, hata ikinukia vanila namna gani.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, kilo moja ya soja kavu kutoka soko la Kadutu, ikilowekwa usiku kucha, hutoa lita 6 hadi 8. Vanila au tangawizi itie baada ya kuchuja na kuchemsha, na chumvi kidogo sana. Hiyo chumvi ndiyo watu wengi huisahau. Machicha usiyatupe, yanaingia kwenye maandazi.

Ya pili: soja ya pakiti, chokoleti au vanila. Kwenye pakiti zinazotoka Ulaya usitafute neno *lait*, utasoma *boisson au soja*. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinywaji cha soja hakiwezi kuuzwa kwa jina la maziwa. Geuza pakiti usome viungo; vinapangwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Maji yatatangulia, hilo ni la kawaida, lakini sukari ikitajwa kabla ya soja, irudishe. Tafuta *enrichi en calcium*, yaani kilichoongezwa kalisi, na utikise kabla ya kumimina, kwa kuwa kalisi hutuama chini. Umeme unavyokatika hapa kwetu, pakiti ndogo ni bora kuliko ya lita hata kama bei yake kwa lita iko juu: ikishafunguliwa inahitaji baridi, na lita iliyochacha ni hasara tupu.

Ya tatu: avoine, yaani kinywaji cha oti. Ina utamu wake wa asili na haina harufu ya maharage, hivyo wageni huikubali upesi, hasa kwenye chai. Protini ni kidogo, kama gramu 1 kwa mililita 100. Kwa kahawa inafaa kuliko soja, ambayo hukatika ikikutana na kahawa kali ya moto. Kama unayo soja tu, yapashe maziwa moto kwanza, kisha umiminie kahawa polepole.

Lozi, mchele na nazi naziweka mwisho pamoja. Kinywaji cha lozi mara nyingi kina lozi asilimia 2 hivi. Kilichobaki ni maji hasa, na bei yake dukani haionyeshi hivyo. Cha mchele ni kitamu lakini karibu hakina protini. Nazi ni ladha nzuri ya kupikia, basi.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe chochote kati ya hivi badala ya maziwa ya mama au ya kopo ya watoto wachanga. Na kama unahamia soja kwa sababu maziwa ya ng'ombe yanakuvuruga tumbo, jaribu kwanza yaliyoganda: laktosi yake, yaani sukari ya maziwa, imepungua, na wengi wanaoteswa na maziwa yasiyoganda hula mashanza, hayo yaliyoganda, bila shida.

Kabla ya kununua mengi, chukua aina mbili kwa kipimo kidogo, chokoleti na vanila, uzipoze vizuri, maana baridi hupunguza harufu. Mimina kwenye vikombe vinavyofanana, uwape watu wa nyumbani bila kuwaambia ni nini. Kikombe kitakachoisha kwanza ndicho utakachonunua lita yake Jumamosi.