Bv 206 ya jeshi: uzoefu wangu kama dereva

Nilipofanya utumishi wa jeshi huko Troms, kaskazini mwa Norwe, nilipangiwa udereva wa Bandvagn 206 (kwa kifupi Bv 206), gari la mikanda la kupita kwenye theluji na tope, na mpaka leo hakuna chombo ninachokiamini kama kile. Kilitengenezwa na Hägglunds wa Örnsköldsvik, Uswidi, na vimetoka zaidi ya 11,000.

Ni mabehewa mawili yaliyoungwa kwa kiungo kimoja, yote yakitembea kwa mikanda mipana ya mpira. La nyuma si tela. Injini iko mbele, lakini nguvu yake inapita kwenye kiungo na kuizungusha mikanda yote minne. Kwa hiyo la mbele likitumbukia mtaroni, la nyuma linalisukuma; likishapanda ukingo wa pili, linamvuta mwenzake. Ukikata usukani, mkanda wa upande mmoja haupunguzwi mwendo kama kwenye katapila. Mitungi ya haidroliki, yaani inayosukumwa kwa mafuta yenye shinikizo, ndiyo inayoyapinda mabehewa, na mikanda yote inaendelea kuvuta, hivyo huchimbi shimo la kujizika mwenyewe kwenye kona.

Gari lina tani kama 4.5 na linachukua watu 17 pamoja na dereva, lakini shinikizo lake juu ya ardhi ni dogo kuliko la unyayo wa mtu. Usipoona hutaamini. Askari anashuka mlangoni anadidimia mpaka mapajani, na gari aliloshuka limekaa juu ya theluji ileile, limezama kidogo tu. Kwenye tope ni hivyo hivyo: mwaka 1982 Waingereza walipeleka mtangulizi wake, Bv 202, kwenye vinamasi vya Visiwa vya Falkland, akapita pasipopitika kwa magurudumu.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kuwavuta askari wa miguu. Unafunga kamba ndefu nyuma, wao wanashika wakiwa juu ya ski, yaani mbao za kutelezea kwenye theluji, begi na bunduki mgongoni. Hapo mguu wa dereva lazima uwe mwepesi, maana ukiondoka kwa pupa unaangusha mstari mzima.

Ndani kuna kelele, tena nyingi. Bila vifaa vya masikioni hamsikilizani, na wa behewa la nyuma hawana njia ya kuja mbele, mnazungumza kwa simu ya ndani tu. Mwendo wa barabarani unafika kilomita 50 kwa saa na zaidi kidogo, ila lami inakula mpira. Yale ya zamani yenye injini ya petroli ya Ford V6 yanakunywa mafuta vibaya sana. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua ya dizeli ya Mercedes.

Jioni huliegeshi hivi hivi. Tulikuwa tunagonga barafu iliyojaa kwenye magurudumu yaliyo ndani ya mikanda, tunatandika matawi ya miti, ndipo tunalipandisha juu yake. Usipofanya hivyo, unyevu wa chini ya mikanda unaganda usiku, na asubuhi mpira umeshikamana na ardhi.

Jambo ambalo kila anayepanda anapaswa kulielewa ni kwamba bodi ni ya faibaglasi. Ndiyo inayolifanya jepesi, na haizuii risasi. Penye mapigano ni kazi ya ndugu yake mwenye deraya, BvS 10, ambaye Uingereza ilimtumia Afghanistan.

Majeshi yameuza mengi ya zamani kwa raia, na vikosi vya uokoaji vinayapenda. Ukienda kununua, anzia kwenye kiungo: tazama mipira ya haidroliki kama inavuja. Kisha pitisha mkono kwenye mikanda yote, kwa ndani na nje, kutafuta nyufa. Linaelea pia, likisukumwa na mikanda yenyewe kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, lakini hakikisha kwanza vizibo vya chini vimekazwa, vya mabehewa yote mawili.