Uzoefu wangu na huduma ya kupima na kugeuza bushi za cheni ya buldoza, Masindi

Kwa miaka sita nimekuwa nikikodisha buldoza yangu, Komatsu D65 yenye uzito wa karibu tani 20, kwa wakulima wa miwa walio kandokando ya Masindi, Uganda, na kwa wakandarasi wanaochimba murramu ya barabara upande wa Kiryandongo. Aliyewahi kuilisha mashine ya aina hii anajua kwamba pesa nyingi za matengenezo haziliwi na injini bali na miguu yake, yaani cheni, rola (magurudumu madogo ya chuma yanayopita juu ya cheni), aidla (gurudumu la mbele linaloiongoza cheni) na sproketi (gurudumu lenye meno linaloizungusha cheni), ambayo huweza kumeza karibu nusu ya gharama zote za kuitunza. Ndiyo maana nimeona niieleze kwa kirefu huduma niliyoipata kwa mafundi wa Kampala ambao huifuata mashine porini, wakaipima miguu yake, wakaondoka na cheni na kuzirudisha zikiwa zimegeuzwa bushi, vile vibomba vya chuma vilivyo ndani ya viungo vyake.

Chanzo kilikuwa kelele. Cheni ya kushoto ilikuwa ikipiga kila mashine iliporudi nyuma, nami, kwa kudhani kwamba imelegea, nikamwambia opareta wangu aongeze grisi kwenye silinda ya kukazia mpaka ikanyamaza. Miezi michache baadaye kelele ilirudi, safari hii ikiwa ni mlio wa kusaga, na meno ya sproketi yakaanza kuchongoka. Watu wawili ninaowaheshimu katika kazi hii walinishauri ninunue cheni mpya pande zote mbili pamoja na rola zake. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkopo wakati mkandarasi mmoja aliponipa namba ya mafundi hao.

Walifika saa nne asubuhi, opareta akiwa kazini tangu alfajiri, na hivyo ndivyo walivyokuwa wameagiza. Mimi nilikuwa nimeandaa maji na tanboi wawili ili mashine ioshwe kabla ya chochote, lakini fundi mkuu alikataa. "Mzee, ukiosha sasa nitapima cheni ambayo haifanyi kazi hapa," aliniambia. Udongo unaogandamana kati ya cheni na meno ya sproketi huivuta cheni na kuikaza, kwa hiyo mkazo unapaswa kupimwa katika hali ileile ambayo mashine inafanyia kazi. Alimwambia opareta aiendeshe mbele taratibu na kuiacha isimame yenyewe bila kukanyaga breki. Kisha akalaza chuma kirefu kilichonyooka juu ya cheni, kuanzia rola ya juu hadi aidla, akapima kwa rula pengo lililobaki katikati, kati ya chuma kile na ncha ya bamba la kukanyagia. Kitabu cha mashine yangu kinataka milimita 20 hadi 30. Upande wa kulia rula ilisoma 24. Upande wa kushoto, ule niliouagizia grisi, ilisoma 9.

Nilisimama pale nikiitazama ile rula na moyo ukaniuma, kwa sababu hakuna aliyeiharibu cheni ile isipokuwa amri yangu mwenyewe. Cheni iliyokazwa kupita kiasi huongeza mzigo kwenye kila pini (chuma kinachounganisha viungo), bushi, rola na jino inapozunguka, na katika murramu yetu, ambayo imejaa kokoto ngumu za chuma na mchanga mkali, mzigo huo hugeuka kuwa tupa inayosaga mchana kutwa.

Kabla mashine haijapoa, fundi alipitisha mgongo wa mkono karibu na ncha ya kila pini, kiungo kimoja baada ya kingine, viungo 39 kila upande. Cheni za aina hii zina mafuta yaliyofungiwa ndani ya pini, na kiungo ambacho sili yake, yaani kizuizi cha mafuta, imeharibika hukauka na kupata moto kuliko wenzake. Alipata viwili vya moto upande wa kushoto, akaviwekea alama ya chaki. Hapo ndipo aliporuhusu mashine ioshwe, na baada ya kuoshwa akapima unene wa bushi, kimo cha reli za cheni, yaani sehemu ambazo rola hupitia, kipenyo cha rola na kina cha meno, akiandika kila kipimo kwenye karatasi.

Hukumu yake ilikuwa tofauti kabisa na ile niliyopewa mitaani. Bushi, ambayo ni bomba la chuma linaloizunguka pini, huliwa upande mmoja, kwa kuwa jino la sproketi hulisukuma mahali palepale siku zote. Upande wa pili hubaki karibu mzima. Ukiiwahi, pini na bushi huweza kung'olewa na kugeuzwa nusu duara ili upande mzima ndio ukabiliane na jino. Ukichelewa, ukuta wa bushi hupasuka, mafuta hutoka, na hakuna tena cha kugeuza. Bushi zangu zilikuwa zimekaribia mwisho lakini hazijaupita, na reli zilikuwa bado na uhai wa kutosha kuistahili kazi hiyo. Nilitakiwa kubadilisha vipande vya meno ya sproketi, pini na bushi za viungo viwili vilivyokauka, sili zote, na rola moja ya chini iliyokuwa ikivuja mafuta. Gharama yote haikufika theluthi ya bei niliyokuwa nimetajiwa kwa cheni mpya na rola zake.

Sina mengi ya kusema kuhusu kazi yenyewe ya karakana. Walifungua kiungo kikuu, wakazilaza cheni chini, wakazipakia kwenye lori na kuzipeleka Kampala, zaidi ya kilomita 200, kwa sababu cheni yenye mafuta inahitaji presi ya kung'olea pini na mahali safi.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni muda: waliahidi siku tano, zikawa tisa, na wakati wote huo mashine ilikaa juu ya magogo huku mteja wangu akinipigia simu kila asubuhi. Mara mbili nilipouliza nilijibiwa kwamba cheni "ziko njiani" kumbe hazijatoka karakana, jambo lililoniudhi kuliko kuchelewa kwenyewe. La pili ni bolti. Wakati wa kurudisha bamba za kukanyagia walitaka kutumia bolti za zamani, na baadhi zilikuwa na nyuzi zilizolika. Nilikataa, wakanung'unika, lakini wakaleta mpya kesho yake. Nakiri kwamba baada ya hapo walizikaza kwa uangalifu: kwanza kwa spana ya kupimia nguvu, kisha wakachora mstari wa rangi nyeupe na kuzungusha kila bolti digrii 120 zaidi, bila kuruka hata moja.

Jambo lililonifanya niwapende ni hili. Ripoti yao ilikuwa ya Kiingereza, na opareta wangu, kijana wa Yumbe, anafanya kazi kwa Kiswahili. Fundi mkuu aliketi naye juu ya cheni kwa saa nzima akamweleza kila namba kwa Kiswahili, kisha akamwonyesha namna ya kulegeza mkazo: valvu ya grisi isifunguliwe zaidi ya mzunguko mmoja, na mtu asimame kando, kamwe asiwe mbele yake, kwa kuwa grisi iliyo ndani ina mgandamizo unaoweza kutoboa ngozi. Alimweleza pia kwamba kukimbia kinyumenyume kwa gia ya juu hula bushi haraka, na kwamba kukata kona upande mmoja siku nzima huchosha cheni moja kuliko nyingine. Tangu siku hiyo kijana hukwangua udongo kila jioni, na kila Jumamosi hunitumia picha ya rula ikiwa juu ya cheni.

Ningewapa nyota nne kati ya tano. Mwenye cheni ambayo bushi zake zimeshapasuka asiwaite kwa ajili ya kugeuza, kwani atalipia lori bure. Mwenye cheni inayopiga kelele na asiyejua sababu awaite wapime, hata kama ameshaamua kununua mpya. Mimi nimeomba warudi kunipimia tena kabla mvua za Agosti hazijashika, na safari hii nimewaandikia tarehe.