Ervebo, chanjo ya Ebola: maoni yangu mimi niliyechanjwa Goma

Tangu ule mlipuko wa Bulape kule Kasai, hapa kwetu Kongo (DRC), mwaka 2025 watu wananiuliza sana hii sindano ya Ebola ikoje, basi wacha niandike mara moja. Mimi ni nesi, nilichanjwa Goma wakati wa ule mlipuko mkubwa wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020. Sisi wafanyakazi wa afya tulichanjwa mapema, ugonjwa haujaingia bado mjini, na ulipoingia Julai 2019 jamani nilimshukuru Mungu kwamba nilikubali.

Sindano ni moja tu, mililita 1 begani, bure kabisa. Unasaini karatasi, unadungwa, unakaa kidogo wakuangalie halafu unaenda zako. Usiku homa ikapanda, kichwa kikaniuma, viungo vyote vikauma kama nimeshinda nabeba magunia, ikanichukua siku mbili hivi nikawa sawa. Hiyo ni kawaida, wengi inawapata. Shida ni kwamba Ebola nayo inaanza hivyo hivyo, homa na kichwa na uchovu, na pale tulipochanjiwa hakuna aliyekaa akatueleza vizuri, sasa mtu anarudi nyumbani usiku anachemka, majirani wanasema si tuliwaambia hawa watu wa riposti, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, wanawatia ugonjwa, kesho mtaa mzima unakimbia chanjo. Kwa hilo mimi nalaumu kabisa, maelezo ya dakika tano tu yangetosha.

Na ukweli ni kwamba haiwezi kukutia Ebola. Wanasayansi wa maabara ya taifa ya Kanada kule Winnipeg walichukua kirusi kingine kabisa, cha mifugo, wakatoa protini yake ya juu wakaweka ya Ebola, basi mwili unaiona hiyo protini unajifunza kupigana nayo, lakini Ebola yenyewe haimo.

Inafanya kazi? Ndiyo, sana. Guinea mwaka 2015 walichanja kwa pete, yaani akipatikana mgonjwa unachanja waliomgusa na wale waliowagusa hao, na kati ya waliochanjwa papo hapo hakuna hata mmoja aliyeugua kuanzia siku ya 10. Kwetu Kongo zaidi ya watu laki tatu walichanjwa kwenye ule mlipuko, na utafiti uliotoka baadaye ukakadiria kinga ya asilimia 84, tena katikati ya vita na vituo vya matibabu vinachomwa moto. Kitu kilichonigusa zaidi ni hiki: hata wale waliochanjwa wakaugua, waliofariki walikuwa asilimia 25, wakati wasiochanjwa ni 56. Mimi kama nesi nikiona tofauti hiyo siwezi kunyamaza, hao ni mama za watu.

Sasa udhaifu wake. Kwanza hizo siku 10, kinga haiji leo leo, ndiyo maana ukiambiwa uko kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa usiseme nitaenda wiki ijayo. Pili inataka baridi kali mno, nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, friji ya kituo cha kawaida haina uwezo huo, na ikishayeyuka inakaa kwenye friji wiki mbili tu, hairudishwi kugandishwa. Fikiria kuipeleka kijiji kisicho na umeme wala barabara, wale vijana wanaobeba yale madebe ya baridi porini nawaheshimu mno.

Tatu, na hili ndilo watu hawalijui: inazuia Ebola ya aina ya Zaire peke yake. Ile ya Sudan iliyopiga Uganda 2022 na 2025 haiizuii, Marburg, ugonjwa wa kirusi kinachofanana na Ebola, iliyotokea Kagera haiizuii. Kwa hiyo ndugu zangu wa Bukoba na Kampala msije mkasikia mtu kachanjwa Goma mkamwacha aingie wodini bila glavu na barakoa. Kwa ile ya Sudan Uganda walianza jaribio la chanjo nyingine Februari 2025, siku chache tu baada ya mlipuko kutangazwa, na mimi nalifuatilia kwa hamu sana.

Nyota naipa 4 kati ya 5, hiyo moja iliyobaki ni ya baridi na ya aina moja tu ya kirusi.

Ukichanjwa, usitoe damu kwa wiki 6 angalau. Na siku ukipimwa kingamwili za Ebola, yaani kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi yake, waambie wa maabara kwamba ulichanjwa na lini, maana kipimo hicho kinaweza kuonyesha unazo wakati hujawahi kuugua, kile cha kutafuta kirusi chenyewe kwenye damu ndicho wakupime.