Eti Mtu wa Busia Hahitaji Fansidar!

Kituo chenyewe kiko Busia, upande wetu wa Uganda. Jina silitaji. Ni kisafi, foleni inavumilika, na huduma za wajawazito ni bure. Lakini yule nesi wa dirisha la dawa!

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, tumbo limeanza kuonekana. Mkunga kaniandikia Fansidar, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kwenye kadi. Nafika dirishani, nesi ananitazama juu hadi chini: "Si umezaliwa hapa hapa wewe? Na malaria mmeshazoeana. Waachie wanaotoka Kabale kwenye baridi." Benchi zima likacheka. Nikamwuliza, "Sista, sasa mkunga kaandika ya nini?" Akanisukumia kadi, akaita mwingine.

Kinachoniudhi ni kwamba neno lake lina nusu ya ukweli. Kweli, sisi tuliokulia kwenye mbu malaria haitulazi ovyo kama wageni. Lakini mimba huja na kondo la nyuma, na vimelea hunata humo kwa namna ambayo mwili haujawahi kukutana nayo. Kinga ya hapo hujengeka kadiri mimba zinavyoongezeka. Wa mimba ya kwanza hana kitu. Unaweza usisikie homa kabisa, kumbe mtoto ananyimwa chakula tumboni, azaliwe na uzito mdogo. Sasa nimwachie nani?

Nikarudi kwa mkunga natetemeka kwa hasira. Mama mtu mzima, hata sauti hakupandisha. Alikwenda mwenyewe akaleta vidonge vitatu na kikombe cha maji. "Meza vyote hapa, mwanangu, nikuone." Akasema nirudi baada ya mwezi, dozi zisipungue tatu kabla ya kujifungua. Akakagua na vidonge vyangu vya foliki, ile vitamini ya wajawazito, maana ile ya miligramu 5 huipunguzia Fansidar nguvu. Huyo ndiye mhudumu!

Najua mtasema Fansidar imechoka. Usugu wa vimelea kwa dawa hiyo upo huku mashariki, sikatai, na watafiti wamejaribu dawa nyingine hapa hapa Busia: ilizuia malaria vizuri zaidi, ila kwa uzito wa watoto haikuishinda Fansidar. Basi mimi nimeze ipi, maneno ya nesi?

Nilitaka kuandika msikanyage pale. Lakini kwa ajili ya mkunga, nendeni, na mkinyimwa dirishani msitoke getini bila kumwona. Ah, na siku akiwa likizo je? Hapana. Mimba ya pili naipeleka pengine, hata kama nitalipa boda.