Oili ya giaboksi ya otomatiki: kufungua sampu au kutumia mashine?

Pikapu ya dizeli huvuta mzigo kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole, na wa kwanza kuumia ni oili ya giaboksi, maana joto ndilo linaloimaliza. Siku ya kuibadilisha, njia ni mbili: mashine, au kufungua sampu, yaani bakuli la chini ya giaboksi linaloshika oili.

Mashine huunganishwa kwenye mipira ya kula (kipoza oili ya giaboksi): oili mpya ikiingia, ya zamani inatoka, karibu yote. Ni haraka na mikono haichafuki. Ila filta inabaki ileile, labda fundi afungue na sampu.

Kufungua sampu ni kazi chafu (oili lazima ikumwagikie mkononi), na hutoa kama theluthi hadi nusu tu; nyingine hubaki kwenye toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi kinachofanya kazi kwa oili) na kwenye kula. Lakini unabadilisha filta na gasketi, na zaidi ya yote unaiona sumaku iliyo ndani ya sampu. Ikiwa na tope laini la kijivu, mfano wa unga wa penseli, usiogope, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole, sahau habari ya oili: giaboksi yenyewe inataka kufunguliwa.

Mimi huchagua sampu, kisha narudia baada ya kilomita elfu chache ili oili mpya iizidi ya zamani. Mashine naiachia gari lililotunzwa tangu mwanzo. Aina ya oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa pikapu nyingi kipimo husomwa injini ikiunguruma, oili ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare.